Siku Mama Alipovuka Mpaka na Jembe

Baba alisamehe siku ya Sabato, mbele ya kanisa zima, kabla udongo wa kaburi la kaka yangu haujakauka vizuri. Nasema baba, kwa sababu mama alikuwa ameketi upande wa wanawake, kitambaa cheupe kichwani, na hakuna aliyemuuliza. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Alisimama, akashika benchi lililokuwa mbele yake, akatangaza kwamba nyumba yake imemsamehe kijana aliyemwua mwanawe, imemsamehe na mama yake, na haidai kitu. Watu wakaitikia amina. Mchungaji akashuka akamkumbatia. Mimi nilimtazama mama, naye alikuwa akitazama viatu vyake.

Tulipofika nyumbani mama alimpakulia baba chakula kama kawaida. Alingoja anawe mikono, kisha akasema, "Ulichokisamehe kanisani ni chako. Changu bado ninacho."

Baba alimwonya asimpe Shetani nafasi. Mama akamjibu kwamba Shetani alishapita, tena mchana, na panga alikuwa nalo.

Kisa chenyewe kilikuwa ng'ombe. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, wapima ardhi wameshapita kwetu Nyamira na kuweka mipaka, na kila mtu akapanda ua upande wake mbiombio kabla jirani hajabadilisha mawazo. Shamba letu lilipakana na la mjane mmoja. Mwana wa mjane huyo na kaka yangu walitahiriwa msimu mmoja na wakauguza vidonda katika nyumba moja, na kwetu waliopona pamoja ni zaidi ya marafiki. Siku hiyo ng'ombe wa mjane alipenya kwenye ua akala mahindi yetu. Kaka akamfunga nyuma ya nyumba, kama ilivyo desturi, mpaka mwenyewe aje amwombe kwa maneno mazuri. Kijana alikuja bila maneno mazuri. Walitukanana, mwanzo kwa mzaha, baadaye si kwa mzaha tena. Alikuwa ametoka kukata majani ya mifugo na panga lilikuwa mkononi. Mimi nilikuwa uani napeta wimbi. Nilimsikia kaka akicheka, kisha sikumsikia tena.

Mahakamani walisema hakukusudia. Akafungwa miaka ambayo mimi niliiona michache na mama yake, bila shaka, aliiona mingi. Ng'ombe ilibidi arudishwe kwa mwenyewe. Hilo ndilo lililonichoma zaidi wakati ule, labda kwa sababu lilikuwa dogo kiasi cha kuingia kichwani mwangu. Tulimfungua wenyewe, tukamswaga mpaka kwenye ua, naye akaenda zake akila njiani.

Kwetu damu ikishamwagika kati ya nyumba mbili, watu wa nyumba hizo hawali pamoja. Hawagusi sahani moja, hawanywi uji wa kibuyu kimoja, hata moto hawaombani. Wakila, mtu atakufa, na mara nyingi anayekufa ni mtoto. Ndivyo tulivyoambiwa, na sikuwahi kumjua mtu aliyejaribu ili ahakikishe. Dawa yake ipo. Wazee wanaoijua kazi hiyo huja, mbuzi huchinjwa, maneno yanayopaswa kusemwa husemwa, na nyumba mbili hula nyama ile pamoja huku zinaogopana. Baada ya hapo mambo yamekwisha, au angalau watu wanaweza kuazimana chumvi.

Lakini sisi tulikuwa Wasabato. Kanisa lilikuwa na neno moja tu kuhusu mambo hayo, nalo lilikuwa ushenzi. Mzee wa kanisa achinje mbuzi wa damu? Wangemfuta ushirika kabla nyama haijaiva. Kwa hiyo baba akasamehe kwa maneno, mbuzi wakabaki malishoni, na nyumba zetu zikawa katika hali ambayo sijui nani mwingine aliwahi kuwa nayo: zimesameheana rasmi, na haziwezi kula ugali mmoja.

Kila baada ya miezi mitatu kulikuwa na Meza ya Bwana. Kabla ya kuikaribia, watu huoshana miguu, wanaume na wanaume, wanawake na wanawake, na mwenye kinyongo na mwenzake hatakiwi hapo. Asubuhi ya siku hiyo mama aliamka akiumwa kichwa. Kichwa chake kiliijua kalenda ya kanisa kuliko karani wa kanisa. Baba alivaa koti lake akaenda peke yake, na aliporudi hakuna aliyezungumzia kichwa cha mtu.

Jambo lililowabana wale akina mama wawili hata hivyo halikuwa kanisani, lilikuwa shambani. Kwetu mwanamke hapalilii peke yake akiweza kuepuka. Wanawake wa kilima kimoja hujiunga katika kikundi, egesangio, na kulimiana kwa zamu. Leo wako kwa huyu, kesho kwa yule, wamejipanga mstari mmoja wakishuka na shamba huku wanaimba na kusengenya wasiokuwepo. Mwenye shamba hupika. Chakula ndicho malipo, hakuna mengine. Mtu akikulimia ukamwacha aende na njaa, umemtukana, na umejitukana mwenyewe zaidi, na habari zitafika mtoni kabla yako. Mama na mjane walikuwa katika egesangio moja tangu walipoolewa. Sasa hawangeweza kula pamoja, kwa hiyo mmoja alipaswa kutoka. Mjane hakungoja kuambiwa. Msimu wa palizi ulipofika hakutokea kwa mtu yeyote, na hakuna aliyetokea kwake.

Mwanamke mmoja, tena anayezeeka, hawezi kushindana na mvua za kwetu. Mahindi yake yalizama katika magugu. Pareto yake ilichanua bila wa kuichuma, maua yakageuka kahawia juu ya mashina. Jioni mama alikuwa na tabia ya kwenda kusimama kwenye ua na kulitazama shamba lile, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kulinunua. Magugu yale yalimfariji kuliko mahubiri yote aliyowahi kuhubiriwa. Simlaumu hata kidogo. Mimi pia yalinifariji, na kuna siku niliomba mvua izidi.

Wakati huohuo msamaha wa baba ulikuwa unatembea. Habari zake zilifika Nyakoe, zikafika Keumbu, na makambi, mikutano ya kanisa ya kila mwaka, yalipoanza mwezi wa nane wakamwalika atoe ushuhuda. Mwaka uliofuata wakamwalika tena, na Birongo nao wakamtaka. Nilimsikia mara moja, nimeketi kwenye nyasi chini ya turubai pamoja na wasichana wenzangu. Kulikuwa na wageni kutoka nje, kwa hiyo alizungumza Kiswahili.

"Mimi nimesamehe hiyo kijana kabisa," alisema, mkono kifuani. "Hata leo akikuja kwangu, tutakula na yeye meza moja."

Watu wakalia. Akina mama walifuta machozi kwa ncha za khanga, na msichana aliyeketi karibu nami akaninong'oneza kwamba nina bahati ya kuwa na baba wa namna ile. Kaka yangu katika ushuhuda ule alikuwa kijana mpole asiyewahi kuinua sauti. Kaka yangu halisi alikuwa mchokozi, mwenye vijembe, mtu wa kumcheka adui hadi adui ashindwe kuvumilia, na nilimpenda hivyo. Kila mwaka baba alimpunguza kidogo ili ushuhuda uende vizuri. Nilikuwa na uchungu na yule muuaji, lakini yule alimwua mara moja.

Wageni walikuja hadi nyumbani kumwona mtu aliyesamehe. Mama aliwapikia. Aliwachagulia ndizi nzuri, akawatilia chai ya maziwa mengi, na walipomwambia kwamba Mungu ameipa nyumba yake neema kubwa, aliwauliza kama chai ina sukari ya kutosha.

Halafu miaka ya kifungo ikaisha, kama miaka yote inavyoisha.

Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo cha ualimu. Mimi na baba tulikwenda Keumbu kununua mafuta ya taa na misumari, na tulipokaribia maduka nikaona baba amesimama ghafla. Ng'ambo ya barabara alikuwepo yeye. Alikuwa amekonda, nywele zimenyolewa, amevaa shati lililomzidi, na mkononi ana mfuko wa karatasi ambao nadhani ulikuwa na kila alichokuwa nacho. Alikuwa akitazama huku na huku kama mtu asiyejua kama anaruhusiwa kuvuka. Hakutuona. Baba aliingia katika duka la karibu, akaenda hadi nyuma kabisa, akaanza kuuliza bei. Aliuliza bei ya waya, ya sufuria, ya taa ya chemli, ya vitu tulivyokuwa navyo nyumbani na vitu ambavyo hatungevihitaji kamwe. Mwenye duka alimjibu kwa heshima, maana alimjua. Alikuwa amelia kwenye makambi pamoja na wengine. Mimi nilikaa mlangoni. Kijana alipokwisha kuvuka na kuondoka nilimwambia baba, naye akatoka bila kununua kitu, hata mafuta tuliyoyafuata. Nilicheka moyoni, na kicheko chenyewe kilikuwa kichungu.

Mwaliko wa makambi ulipokuja, baba alisema kifua kinambana. Basi sasa nyumba yetu ikawa na kichwa cha mama na kifua cha baba.

Mama ndiye aliyemtoa maneno. Ilikuwa asubuhi, baba ameketi jikoni, mahali ambapo mwanamume wa kwetu haketi, na chai yake imepoa mbele yake. Mama alimuuliza kama ni kweli aliyosikia, kwamba alijificha dukani. Nilidhani anamkebehi na nikajiandaa kufurahia.

"Sikujificha kwa kumwogopa," baba alisema. "Niliona misumari na nyundo za duka lile, nikaona mkono wangu unataka kuchukua moja. Hiyo miaka yote nilikuwa nasema kitu ambacho sina."

Mama hakucheka. Alimwaga ile chai iliyopoa, akamtilia nyingine. Nilikuja kufikiri baadaye kwamba alikuwa amezoea kuwa peke yake na uchungu wake humo ndani, na uchungu huo alikuwa ameuegemeza juu ya msamaha wa baba kama mtu anavyoegemea ukuta. Ukuta ulipoanguka hakuwa na pa kuegemea. Haya ni mawazo yangu. Yeye hakuwahi kunieleza, na nilipomuuliza aliniambia nishughulike na vitabu vyangu.

Siku ya pili yake, umande haujakauka, alichukua jembe, akapita pale pale alipopenya ng'ombe, akavuka. Mjane na mwanawe walikuwa wanapalilia mahindi, yule kijana akiwa kichwa chini. Kijana alipomwona mama, aliacha jembe palepale ardhini akaenda nyuma ya nyumba. Mama hakumtazama. Alishika mstari ulioachwa, akainama, akaanza kulima. Mjane alibaki amesimama kwa muda mrefu. Hakuna aliyeimba. Baadaye naye akainama, na wakashuka na shamba pamoja, mstari kwa mstari, mahindi katikati yao.

Nilikuwa kwenye ua. Mwanzoni sikuelewa anafanya nini, halafu nilielewa. Alikuwa anamlimia. Na mtu aliyekulimia lazima umlishe.

Jua lilipofika utosini mama alikung'uta jembe, akanawa mikono kwa maji ya mtungi wa mwenyewe, akaenda kuketi karibu na mlango, pale wanapoketi wanawake wa egesangio wakingoja chakula. Mjane alimfuata hadi hapo. Niliwasikia vizuri, ua ule haukuwa mnene.

"Omong'ina, usinifanyie hivi," mjane alisema, akimwita kwa heshima ya mama mtu mzima. "Nitakupa unga, uende upike kwako."

"Sikulima kwa ajili ya unga."

"Unajua kitakachotokea. Watoto watakufa."

"Wangu alishakufa," mama alisema. "Pika."

Mjane alipika. Moshi ulitoka kwa muda mrefu kuliko unavyohitajika kwa ugali wa wimbi na mboga za chinsaga. Aliweka kikapu cha ugali katikati yao, na kila mmoja akangoja mwenzake aanze. Mama akamwambia ale amwone. Mjane akamega, akachovya, akameza. Mama naye akamega. Walikula haraka haraka, bila kutazamana, kama watu wanaokunywa dawa ya minyoo, na walikula chote. Hakuna aliyemwambia mwenzake neno la kusamehe. Mama alishukuru kwa chakula, kama anavyoshukuru yeyote, akachukua jembe lake akarudi.

Nilimngoja nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena. Nilimwambia kwamba anayejua kusema wangu alishakufa amesahau kuhesabu vizuri, kwamba mtoto aliyebaki katika nyumba hii ni mimi, na kama desturi ni ya kweli basi ameketi pale akala maisha yangu na mboga. Nilikuwa msomi, nilifundishwa chuoni kwamba mambo hayo ni upuuzi, na bado niliogopa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Nilikuwa nakufikiria kila tonge," akaingia ndani kulala, yeye ambaye halali mchana. Wiki kadhaa nilijipapasa shingo na kwapa nikitafuta ugonjwa. Sikupata hata mafua.

Lakini kulimiana ni zamu. Mjane alikuwa na deni la siku moja kwetu, na palizi yetu ilipofika mgongo wake ulimkatalia kuinuka. Hakuiacha siku ile ipite. Alimtuma mwanawe.

Alikuja asubuhi na jembe begani, akasimama nje ya ua hadi mama alipomwita. Tulilima watu watatu, mama katikati. Sikuwahi kumwona mtu analima namna ile, hapumziki, hanyooshi mgongo, kana kwamba kuna mtu nyuma yake. Mchana mama aliniambia nikapike. Nilitaka kukataa. Nilitafuta maneno ya kukataa njia nzima hadi jikoni, na wakati nayatafuta mikono yangu ilikuwa imeshawasha moto.

Kulikuwa na tatizo ambalo mama alikuwa amelifikiria na mimi sikulifikiria: mwanamume halishwi pamoja na wanawake. Mgeni mwanamume hula na mwenye nyumba. Mama alikwenda hadi mlango wa baba akamwambia kwamba mgeni wake amenawa.

Baba alitoka. Alikuwa amevaa koti la kanisani, sijui kwa nini, labda lilikuwa karibu. Aliketi kwenye kiti chake, kijana akaketi kwenye kigoda, na mimi nikaweka kikapu kimoja cha ugali katikati yao na bakuli moja la mboga na nyama, kwa maana mama alikuwa amechinja kuku. Nilisimama pale. Ningepaswa kuondoka lakini nilitaka kuona.

Baba alifumba macho ili aombe. Alikuwa mtu wa sala ndefu, anayemtaja kila mgonjwa wa kilima kizima kabla hajamruhusu mtu kugusa chakula. Midomo yake ilifunguka na kufungika. "Bwana," alisema, na tukangoja. "Bwana, chakula." Kisha akasema amina.

Kijana hakuinua mkono. Alianza kusema, "Mzee, mimi..." na baba akamkatiza.

"Usiseme," alimwambia. "Nimesema mimi vya kutosha kwa sisi wote. Kula."

Alimega tonge la kwanza yeye mwenyewe, akalitafuna polepole, machozi yakimwingia katika ndevu, na hakuyafuta. Kijana naye akamega. Baba akasukuma paja la kuku upande wake. Walikula hadi kikapu kikaisha, na katika miaka yote ya makambi sikuwahi kumwona baba amechoka vile.

Nilipokwenda kuondoa vyombo, kijana alisimama akachukua bakuli, akanipa kwa mikono miwili. "Asante, dada," alisema. "Chakula kilikuwa kizuri."

Kaka yangu hakuwahi kunishukuru kwa chakula hata siku moja. Siku zote chumvi ilikuwa imezidi au imepungua, na nisipojibu aliniimbia. Nilimtazama huyu mwenye adabu zake za jela na sikumjibu, na hadi leo sijamjibu. Niliingia jikoni nikaufunga mlango, nikakwangua ukoko uliobaki katika sufuria ile ile niliyompikia, kwa maana nami nilikuwa nimelima tangu asubuhi na njaa ilikuwa inaniuma, nikaula wote huku nikilia.